Pombe Imemshika Kiasi Gani? Mwongozo Kamili wa Kupima Ukali wa Utegemezi

Mitaani kwetu ulevi hupimwa kwa kelele. Anayeimba njiani usiku wa manane na kulala mtaroni, huyo ndiye mlevi. Jirani yake anayekunywa taratibu kila jioni, hayumbi, hatukani mtu, na saa kumi na mbili asubuhi yuko kituoni anasubiri daladala, huitwa mstaarabu. Mimi huyu wa pili ndiye humtazama kwa makini zaidi. Mtu anayemaliza nusu chupa ya pombe kali na bado akatembea wima, mwili wake umeshaizoea pombe hiyo, na siku atakapoikosa utadai.

Kwa hiyo swali la msingi katika mwongozo huu si "analewa vipi", ni "asubuhi anaamkaje kabla hajagusa kitu". Mengine yote yanazunguka hapo. Umeandikwa kwa ndugu wa mnywaji, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, muuguzi wa zahanati, na mnywaji mwenyewe anayetaka kujijua. Hauchukui nafasi ya daktari. Unakusaidia kujua nani anaweza kuacha akiwa nyumbani na nani akiachia nyumbani anaweza kufa.

Kwanza kabisa: je, huyu ni wa kuulizwa au wa kukimbizwa hospitali?

Usianze na karatasi ya maswali kama mtu amepunguza au ameacha pombe ndani ya siku nne zilizopita na ana mojawapo ya haya: ameanguka kifafa, anaweweseka, anaona wadudu ukutani au anasikia watu wanamwita, hajui yuko wapi wala leo ni siku gani, ana homa na moyo unakwenda mbio, anatapika damu, macho yanacheza na hawezi kutembea sawasawa ingawa hajanywa. Huyo anapelekwa hospitali sasa hivi.

Ratiba ya mwili ulionyimwa pombe inajulikana. Mikono huanza kutetemeka na jasho kutoka baada ya saa 6 hadi 12. Kifafa hutokea zaidi kati ya saa ya 6 na ya 48. Kuweweseka kukubwa, kule kunakoua, huja kati ya siku ya pili na ya nne. Ndiyo maana wodi za mifupa hukutana nako: dereva wa bodaboda kalazwa na mguu uliovunjika, siku ya kwanza mzima wa akili, siku ya tatu anang'oa dripu na kupigana na watu wasioonekana. Ndugu wanaanza kunong'ona kwamba karogwa. Hakuna aliyemwambia daktari kwamba kijana alikuwa akinywa kila siku. Hali hiyohiyo huwapata watu mahabusu, na wale wanaoacha ghafla kwa sababu Ramadhani au Kwaresima imeingia.

Hatua ya 1: Chagua saa na namna ya kuuliza

Muulize akiwa hajalewa na pia hajaanza kuteseka. Kwa wengi hiyo ni asubuhi baada ya kula, au mchana. Mtafute faragha, mbele ya wakwe na watoto hutapata jibu la kweli, na pwani, ambako kunywa ni aibu ya kidini juu ya aibu ya kawaida, unaweza usipate jibu kabisa. Wanawake nao hujificha zaidi, wengine hunywa chumbani mlango ukiwa umefungwa.

Usiulize "unakunywa pombe?" Utajibiwa "kidogo tu", na ukishaambiwa kidogo tu mlango umefungwa. Chukulia kwamba anakunywa, kisha uliza kiasi. Mazungumzo mazuri huenda hivi:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Mama yako kakutuma?"

"Kanituma, lakini nimekuja na langu. Mjomba, ukiamka, kabla hujatia kitu mdomoni, mikono inakuwaje?"

"Inachezacheza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka nizimue."

Katika maneno machache umepata mambo mawili makubwa: mtetemeko wa asubuhi, na kunywa ili kuutuliza. Hajaitwa mlevi, wala hajahubiriwa.

Hatua ya 2: Hesabu pombe yenyewe

Hapa ndipo watu wengi hukosea, hata wenye makoti meupe. "Bia tatu" si vipimo vitatu. Shirika la Afya Duniani huhesabu kipimo kimoja kuwa gramu 10 za alkoholi halisi. Kupata gramu, chukua ujazo kwa mililita, zidisha kwa asilimia iliyoandikwa kwenye lebo, zidisha kwa 0.8, gawanya kwa 100.

Bia ya mililita 500 yenye asilimia 5: 500 × 5 × 0.8 ÷ 100 = gramu 20, yaani vipimo viwili. Kwa hiyo aliyekunywa bia tatu kubwa amekunywa vipimo sita. Chupa ndogo ya mililita 250 ya pombe kali yenye asilimia 35, kama Konyagi, ni gramu 70, vipimo saba. Chupa ya mililita 750 yenye asilimia 40 ni gramu 240, vipimo 24.

Pombe za kienyeji hazina lebo. Mbege, ulanzi, komoni, busaa na mnazi hubadilika kwa mpishi na kwa siku. Mnazi wa asubuhi na uliolala si kinywaji kimoja. Hapa unakadiria tu: kwa asilimia 4, lita moja ni gramu 32. Gongo na chang'aa zihesabu kama pombe kali, ukijua kwamba nguvu yake hakuna aliyeipima na kwamba huenda ndani mna methanoli, ambayo hupofusha na kuua hata asiye mraibu. Aliyekunywa gongo kisha akaanza kuona ukungu asisubiri tathmini yoyote.

Kuna shida nyingine ya kilabuni: kibuyu au kata huzunguka, hivyo mtu hajui kanywa kiasi gani. Uliza pesa. "Kwa siku inaondoka shilingi ngapi?" Kisha uliza nani mwingine humnunulia. Uliza pia kama kuna siku anazopumzika, na siku ya mwisho kupumzika ilikuwa lini. Kama hakumbuki, hilo nalo ni jibu.

Andika jumla ya gramu kwa siku ya kawaida. Mwongozo wa matibabu wa Uingereza wa mwaka 2011 una mistari miwili ya kukumbuka. Anayezidi takriban gramu 120 kwa siku, sawa na bia sita za nusu lita, huenda akahitaji kusaidiwa kwa dawa wakati wa kuacha. Anayezidi gramu 240, ile chupa nzima ya 750, aache akiwa amelazwa.

Hatua ya 3: Chujio la maswali kumi

Dodoso la AUDIT lilitengenezwa na Shirika la Afya Duniani kwa majaribio katika nchi sita, na Kenya ilikuwa mojawapo, pamoja na Australia, Bulgaria, Meksiko, Norwe na Marekani. Kwa hiyo si kipimo cha wazungu kilicholetwa kwetu baadaye, kama wengine wanavyodai. Linaangalia mwaka mmoja uliopita, na maswali yake kwa maneno yetu ni haya:

1. Unakunywa mara ngapi? Kamwe 0, mara moja kwa mwezi au pungufu 1, mara 2 hadi 4 kwa mwezi 2, mara 2 hadi 3 kwa wiki 3, mara 4 au zaidi kwa wiki 4.
2. Siku unayokunywa, vipimo vingapi? 1–2 ni 0. 3–4 ni 1. 5–6 ni 2. 7–9 ni 3. 10 na zaidi ni 4.
3. Ni mara ngapi unafikisha vipimo sita au zaidi kwa mkao mmoja?
4. Mara ngapi umeshindwa kuacha ukishaanza?
5. Mara ngapi umeshindwa kufanya linalokupasa kwa sababu ya pombe?
6. Mara ngapi umehitaji kuzimua asubuhi ili uweze kuendelea na siku?
7. Mara ngapi umejutia unywaji wako?
8. Mara ngapi umeshindwa kukumbuka ya jana yake?
9. Wewe au mtu mwingine aliwahi kuumia kwa sababu ya kunywa kwako?
10. Ndugu, rafiki au mhudumu wa afya aliwahi kuonyesha wasiwasi au kukushauri upunguze?

Swali la 3 hadi la 8: kamwe 0, chini ya mara moja kwa mwezi 1, kila mwezi 2, kila wiki 3, kila siku au karibu kila siku 4. Swali la 9 na la 10: hapana 0, ndiyo lakini si mwaka huu uliopita 2, ndiyo ndani ya mwaka huu 4.

Jumla ya juu kabisa ni 40. Kuanzia 8 hadi 15 unywaji ni wa hatari, na ushauri mfupi wa kupunguza mara nyingi unatosha. 16 hadi 19 anahitaji ushauri nasaha na kufuatiliwa. 20 kwenda juu, shuku utegemezi na uendelee na hatua inayofuata.

Angalizo la swali la 2 na la 3: badilisha chupa kuwa vipimo kabla ya kutoa alama. Bia tatu za nusu lita zikiandikwa "3" zinapata alama 1. Zikihesabiwa sawasawa ni vipimo sita, alama 2, na zinagusa pia swali la 3. Kosa hili peke yake linaweza kumtoa mtu kwenye kundi la hatari.

Madaktari wengine hutumia orodha ya dalili 11 ya Marekani ya mwaka 2013: dalili 2 au 3 ndani ya mwaka ni hali nyepesi, 4 au 5 ya wastani, 6 na zaidi kali. Ni nzuri kwa utambuzi, ila haikuambii sana jinsi mwili utakavyofanya pombe ikikatwa. Kwa hilo kuna kipimo kingine.

Hatua ya 4: Pima asubuhi yake

Mwaka 1976 watafiti wawili, Griffith Edwards na Milton Gross, walieleza utegemezi wa pombe kama hali yenye viwango, mtu anaweza kuwa nayo kidogo au sana, si suala la kuwa mlevi au kutokuwa. Miaka mitatu baadaye London ikatoa dodoso la ukali wa utegemezi, SADQ, lenye maswali 20. Mtu hukumbuka mwezi aliokunywa sana ndani ya nusu mwaka uliopita, halafu kila swali la mafungu manne ya kwanza hupata 0 (karibu kamwe), 1 (mara chache), 2 (mara nyingi) au 3 (karibu kila mara). Kuna mafungu matano ya maswali manne manne.

Fungu la kwanza ni mwili unapoamka: jasho, mikono kutetemeka, mwili mzima kutetemeka, shuka kulowa. La pili ni moyo: kuogopa kuamka, kuogopa kukutana na watu asubuhi, kukata tamaa, hofu isiyo na sababu. La tatu ni kunywa kwa ajili ya nafuu: kupenda kunywa asubuhi, kubugia zile za kwanza harakaharaka, kunywa ili kutuliza mtetemeko, kiu kali ya pombe mara tu macho yakifunguka. La nne ni kiasi: robo chupa ya pombe kali kwa siku, nusu chupa, chupa nzima, chupa mbili, au bia na mvinyo wa kulingana nazo.

Fungu la tano ni la kipekee. Unamwambia: "Tuseme umekaa wiki kadhaa bila kugusa, halafu ukanywa sana siku mbili mfululizo. Asubuhi inayofuata ungekuwaje?" Unauliza jasho, mikono, mwili na hamu, na hapa alama ni 0 (hata kidogo), 1 (kidogo), 2 (kiasi) au 3 (sana). Mwenye utegemezi mdogo angekuwa na uchovu wa kawaida. Mwenye utegemezi mkali, siku mbili tu zinamrudisha kwenye arosto (mateso ya mwili unaodai pombe) ileile iliyomchukua miaka kuijenga.

Jumla ni 60. Chini ya 16 ni utegemezi mwepesi, 16 hadi 30 wa wastani, 31 na zaidi mkali.

Maswali haya yaliandikwa kwenye baridi ya London, kwa hiyo tumia akili. Dar es Salaam mwezi wa pili kila mtu anaamka na jasho. Uliza: "Mwenzako mnayelala naye naye hulowa?" na "Siku usiyokunywa jana yake, hali ni hiyohiyo?" Mtetemeko nao una sababu nyingine, malaria, njaa, sukari kushuka, tezi ya shingo. Wa pombe una alama yake: dakika chache baada ya toti ya kwanza unatulia. Mwambie anyooshe mikono mbele, vidole vimeachana, uweke karatasi juu yake. Karatasi inaonyesha kile ambacho jicho halikioni.

Hatua ya 5: Uliza aliwahi kuacha, na ilikuwaje

Hapa usiwe na haraka, maana historia hii ina uzito kuliko alama zozote. Aliwahi kuanguka kifafa alipoacha? Aliwahi kuweweseka? Amejaribu kuacha mara ngapi? Kila kuacha ghafla na kurudia kunaweza kufanya kuacha kunakofuata kuwe kukali zaidi, kwa hiyo "mbona mwaka juzi aliacha tu vizuri" si kinga. Aliyewahi kupata kifafa cha kukosa pombe hapaswi kuachishwa nyumbani, hata kama SADQ yake ni 18.

Uliza pia vitu vingine. Baadhi ya wanaotafuna miraa hunywa ili handasi, ule msisimko wa miraa, ishuke, wengine humeza vidonge vya kutuliza vya diazepamu vya dukani. Diazepamu ikikatwa pamoja na pombe, hatari huongezeka. Uliza mimba, kisukari, dawa za kifua kikuu na ARV, ini. Na uliza, kwa maneno ya wazi, kama amewahi kufikiria kujiua.

Hatua ya 6: Mwili na maabara, kwa ufupi

Tazama macho ya manjano, tumbo lililojaa maji, miguu kuvimba, makovu ya kuanguka, ganzi ya nyayo, mwendo. Kipimo cha ini cha GGT na ukubwa wa chembe nyekundu za damu huweza kupanda kwa mnywaji sana, ila vikiwa vya kawaida havimsafishi mtu. Usimpime utegemezi kwa vipimo vya damu peke yake.

Hatua ya 7: Weka vyote mezani

Chukua mfano wa seremala wa miaka 40 na ushee. Anasema hunywa kichupa kimoja cha mililita 250 kila jioni: gramu 70. Ukiuliza pesa, hesabu inakataa. Mkewe anasema vya asubuhi vipo chini ya meza ya randa. Vichupa ni viwili: gramu 140. AUDIT yake inatoka 30. Kwenye SADQ anapata 8 kwa mwili, 7 kwa moyo, 7 kwa kunywa kwa nafuu, 5 kwa kiasi na 6 kwa fungu la mwisho, jumla 33. Mwaka jana alipougua na kukaa siku mbili bila pombe, alianguka na kutoa povu. Wakasema kifafa cha ukoo. Kazini hajawahi kuonekana kalewa.

Gramu zake peke yake zingemweka katikati. SADQ na kile kifafa vinampeleka kitandani hospitali, bila mjadala.

Kwa jumla: mwenye SADQ chini ya 16, asiye na historia mbaya, mara nyingi huweza kupunguza nyumbani akisaidiwa na mtu wa karibu. Wa 16 hadi 30 amuone daktari kabla ya kuacha; wengine hutibiwa nyumbani kwa dawa za siku chache na kuangaliwa kila siku. Wa 31 na zaidi, au wa gramu 240, au mwenye kifafa, kuweweseka, mimba, ugonjwa mzito, au anayeishi peke yake, atafutiwe kitanda. Wodini watampima ukali wa arosto yenyewe kwa kipimo cha CIWA-Ar, vipengele 10 na alama hadi 67, kikirudiwa kila baada ya saa chache. Hicho hakipimi utegemezi, kinapima hali ya saa ile, kwa hiyo usikitumie kwa mtu ambaye bado anakunywa.

Hatua ya 8: Mpaka daktari apatikane

Mwenye utegemezi wa wastani au mkali asiache ghafla. Hili huwauma ndugu, hasa mama mzazi, lakini kumfungia ndani ni kumhatarisha. Aendelee na kiasi chake, akikigawanya, bila kuzidisha, mpaka amwone mtaalamu. Ale. Anywe maji.

Jihadharini na dripu. Mnywaji aliyechoka hupelekwa duka la dawa au zahanati "atundikiwe glukosi apate nguvu". Wanywaji wengi wamepungukiwa vitamini B1, na glukosi ikiingia bila vitamini hiyo ubongo unaweza kuharibika: macho kucheza, kuyumba, kuchanganyikiwa, na kumbukumbu isiyorudi. Mwambieni mhudumu waziwazi kwamba mgonjwa ni mnywaji, aombewe B1 kwanza au pamoja na dripu. Diazepamu ya dukani juu ya pombe inaweza kuzima pumzi; msimpe.

Mnapokwenda, iwe hospitali ya akili kama Mirembe Dodoma, Mathari Nairobi, Butabika Kampala au hospitali ya wilaya iliyo karibu, bebeni karatasi yenye mistari hii: gramu kwa siku na aina ya pombe, saa na tarehe ya kunywa mara ya mwisho, alama za AUDIT na SADQ, kifafa au kuweweseka kwa zamani, dawa anazotumia, nani anaishi naye. Nchini Kenya, NACADA, mamlaka ya taifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, wana simu ya ushauri, 1192. AUDIT inaangalia mwaka mzima, kwa hiyo hakuna maana kuirudia mwezi ujao; kufuatilia maendeleo, andika kila wiki siku alizokunywa na gramu, na uulize mikono yake asubuhi inakuwaje.